Je, Wajua? Pikachu Mikononi mwa Mashabiki

JE, WAJUA kwamba kampuni iliyotuletea Pokémon ilianza kama kijarida cha shabiki? Mwaka 1983 Satoshi Tajiri, kijana wa Tokyo ambaye hakuwa ametimiza hata miaka ishirini, alianza kuandika kwa mkono kijarida cha mbinu za kushinda gemu za mashine za sarafu. Alitoa nakala, akazibana kwa pini, akaziuza. Kijarida alikiita Game Freak. Ken Sugimori, kijana mwenzake aliyependa kuchora, alikikuta kwenye duka la machapisho ya mashabiki, kikamvutia, akamtafuta mwenyewe na kuwa mchoraji wake. Mwaka 1989 kijarida kikageuka kampuni ya kutengeneza gemu, na tarehe 27 Februari 1996 kampuni hiyo ikatoa Pokémon Red na Pokémon Green kwa Game Boy, ile mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo. Anayedai kwamba michoro ya mashabiki ni mchezo tu wa pembeni, historia inamkatalia. Kazi yenyewe ilitoka huko huko.

Wajua pia kwamba Tajiri alikuwa mkusanyaji wa wadudu utotoni, hata wenzake wakamwita Daktari Mdudu? Wazo la Pokémon la kukamata viumbe, kuwatunza na kubadilishana na rafiki lilitokana na mchezo huo.

Je, wajua kwamba Pikachu, yule kiumbe wa njano wa Pokémon, alibuniwa na mwanamke? Ni Atsuko Nishida. Katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 2018 na gazeti la Yomiuri Shimbun la Japani, alieleza kwamba alianza na umbo la daifuku, kitafunwa laini cha unga wa mchele chenye maharage matamu ndani, akakisimamisha wima na kukiotesha masikio. Mashavu yanayohifadhi umeme aliyapata kwa kumfikiria kindi na jinsi anavyojaza chakula mashavuni. Panya alikuja baadaye. Habari hii ina faida kubwa kwa anayetaka kumchora Pikachu. Ukianza na panya utapata panya. Anza na kitu kinene cha mviringo, kisicho na shingo, na sehemu kubwa ya kazi itakuwa imekwisha.

Hebu tumtazame kwa karibu, maana wengi huteleza hapa. Ncha ya mkia wa Pikachu si nyeusi. Watu wa nchi mbalimbali wanaapa kwamba waliiona nyeusi tangu utotoni, na michoro yao inaonyesha hivyo, lakini weusi upo kwenye ncha za masikio tu. Mkia ni wa njano mpaka mwisho, ila pale unapoungana na mwili una rangi ya kahawia. Mgongoni kuna mistari miwili ya kahawia isiyoonekana akikutazama usoni, kwa hiyo ukimgeuza usiisahau. Mikono ina vidole vitano, miguu ina vitatu. Na tangu gemu za Diamond na Pearl za mwaka 2006, mkia wa jike una pengo mwishoni linaloufanya uonekane kama kopa ya karata. Shabiki anayemchora jike bila pengo hilo atakumbushwa na watoto wa miaka minane, na watoto hao watakuwa na haki.

Penseli laini na karatasi yoyote zinatosha kuanza. Chora kichwa kipana kuliko kirefu, halafu mwili ulio mpana chini kuliko juu, uungane na kichwa moja kwa moja. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye michoro ya wanaojifunza ni macho kukaa juu mno, karibu na masikio, na Pikachu anaonekana mzee. Yashushe hadi katikati ya kichwa, yatenganishe, weka doa jeupe ndani ya kila jicho upande wa juu, kisha mashavu yakae chini yake, pembeni kabisa. Utoto unarudi hapo hapo, kabla hata hujagusa rangi. Masikio yachore mwishoni. Ndiyo yanayosema ana hali gani: yakisimama yuko macho, yakilala nyuma kaudhika au anaogopa.

Kipimo: Pikachu ana urefu wa mita 0.4 na uzito wa kilo 6. Raichu, anayetokana naye, ana mita 0.8 na kilo 30. Ukiwachora pamoja na Pikachu akamfikia Raichu mabegani, umekosea.

Je, wajua kwamba Raichu mwenyewe alikuwa na mkubwa aliyetokana naye? Jina lake lilikuwa Gorochu, mwenye pembe na meno ya kutisha, naye akaondolewa kabla gemu haijatoka. Mashabiki wamejaza pengo hilo kwa michoro ya kila namna.

Je, wajua kwamba Pikachu wa kwanza alikuwa mnene kuliko wa leo? Kioo cha Game Boy kilikuwa na nukta 160 kwa 144 tu, na rangi zake ni vivuli vinne. Kiumbe anayeonekana kwa mbele alipewa mraba usiozidi nukta 56 kwa 56. Akionekana kwa mgongo alichorwa mdogo zaidi, kisha mashine ikamkuza maradufu, ndiyo maana migongo ya viumbe wa gemu zile inaonekana ya vipande vipande. Katuni ya televisheni ilipoanza Aprili 1997, Pikachu alitakiwa kukimbia, kuruka na kukaa begani kwa Ash, mhusika mkuu wa katuni. Taratibu mgongo ukanyooka na tumbo likapungua. Mashabiki hawakumtupa yule mnene. Waliendelea kumchora miaka yote, na mwaka 2019 gemu za Sword na Shield zikamrudisha kwa jina la Gigantamax Pikachu, akiwa na urefu wa mita 21. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo watengenezaji wangeweza kumpa kiumbe ambaye mashabiki walikataa kumsahau.

Wajua kwamba katika orodha ya ndani ya gemu ya kwanza, namba moja si Pikachu wala Bulbasaur? Ni Rhydon, mwenye pembe puani. Naye wa mwisho kuongezwa, Mew, aliingizwa na Shigeki Morimoto, mmoja wa watengenezaji wa gemu, dakika za majeruhi, baada ya zana za kutafuta hitilafu kuondolewa na kuacha nafasi ya baiti 300 hivi.

Je, wajua kwamba moja ya karata ghali kabisa za Pokémon ilitolewa bure kwa watu waliochora vizuri? Mwaka 1997 na 1998 CoroCoro Comic, jarida la watoto la Japani, liliendesha mashindano ya kuchora. Washindi 39 walipewa karata maalumu ambayo haikuuzwa dukani. Mchoro wake ni wa Atsuko Nishida, mama wa Pikachu mwenyewe, na unamwonyesha Pikachu akiwa na vifaa vya kuchora mkononi. Mwaka 2022 Guinness World Records ilitambua mauzo ya nakala moja kwa dola 5,275,000 za Marekani kuwa rekodi ya mauzo ya faragha ya karata ya Pokémon. Wanaoisimulia habari hii hutaja dola tu. Mimi ningependa itajwe pia kwamba karata ile ilikuwa cheti cha kumwambia mtoto: umechora vema.

Mashindano ya namna hiyo yameendelea. Katika awamu ya mwaka 2024, baadhi ya waliofika kwenye michoro 300 bora waliondolewa kwa kuvunja kanuni, baada ya mashabiki kulalamika kwamba kazi zao zina dalili za akili mnemba. Naungana na waliolalamika. Mtu aliyekesha akifuta na kuchora upya vidole vya Pikachu anastahili kushindanishwa na mtu mwingine aliyekesha.

Je, wajua kwamba kuna shabiki aliyechora mpaka akaitwa Hollywood? RJ Palmer, mchoraji wa Marekani, alikuwa akichora viumbe wa Pokémon kana kwamba ni wanyama wa kweli, wenye ngozi, magamba, mikunjo na manyoya. Watayarishaji wa filamu ya Detective Pikachu walipoingia kwenye intaneti kutafuta michoro ya Pokémon wenye sura ya uhalisia, wakakutana na kazi zake, wakampa kazi. Filamu ilitoka mwaka 2019. Pikachu wake ana manyoya, na baadhi ya watu walishtuka walipomwona mara ya kwanza. Ukiitazama michoro ya Palmer utaona hakuanza na Pokémon kabisa. Alianza na mijusi, ndege, samaki na jinsi mifupa inavyobeba nyama. Mchoraji anayejua goti la mbuzi linavyokunjika atamchora kiumbe yeyote wa miguu minne akasimama sawasawa.

Wajua kwamba Pikachu amewahi kuvaa kofia ya Vincent van Gogh? Makumbusho ya Van Gogh mjini Amsterdam, yaliyofunguliwa mwaka 1973, yalipotimiza miaka 50 yalishirikiana na Pokémon katika maonyesho yaliyofanyika kuanzia tarehe 28 Septemba 2023 hadi tarehe 7 Januari 2024. Mchoraji Naoyo Kimura alimchora Pikachu kwa kufuata picha ya mwaka 1887 ambayo van Gogh alijichora akiwa na kofia ya kijivu. Mwenzake Sowsow aliwaweka viumbe Munchlax na Snorlax katika chumba cha kulala cha van Gogh, na Tomokazu Komiya akamweka Sunflora penye alizeti. Wageni walipewa bure karata ya Pikachu mwenye kofia, na msongamano wa waliotaka kuipata ulikuwa mkubwa hivi kwamba mwezi Oktoba makumbusho yakaacha kuitoa kwa sababu za usalama. Jambo zuri zaidi lilifichwa na vurugu hiyo: van Gogh mwenyewe alikusanya picha za kuchapa za Kijapani na kuzinakili kwa rangi za mafuta ili ajifunze. Naye alikuwa shabiki mwenye brashi.

Mwaka 2018, Tokyo ilipoonyesha picha ya Edvard Munch ya mtu anayepiga mayowe, zilitoka karata za Pokémon waliojishika mashavu vile vile. Psyduck alikuwamo, na kwake hayakuhitaji kubadilishwa mengi, maana kushika kichwa ndiyo kawaida yake.

Je, wajua kwamba ndani ya gemu zenyewe yupo kiumbe mchoraji? Anaitwa Smeargle, alitoka na gemu za Gold na Silver mwaka 1999. Mkia wake ni brashi, na rangi inatoka mkiani mwenyewe. Kamusi ya gemu inasema alama anazochora kuwekea mipaka ya eneo lake zimefika zaidi ya aina 5,000. Mbinu yake pekee ni kumwiga mwenzake, na akishaiga, mbinu hiyo inakuwa yake moja kwa moja. Akikua, wenzake humkanyaga mgongoni waache alama ya unyayo, kwa hiyo anayemchora kwa nyuma asiisahau. Wanaojifunza kwa kunakili wasione haya, mlezi wao ni huyu.

Na yupo Mimikyu, wa mwaka 2016. Huyu ana urefu wa mita 0.2 tu, anaishi chini ya kitambaa alichokishona kifanane na Pikachu, kwa sababu aliona Pikachu anavyopendwa naye akatamani marafiki. Masikio yamelegea, uso umechorwa ovyo, mkia ni kijiti. Hakuna anayejua sura yake halisi. Kamusi ya gemu inasimulia msomi aliyechungulia chini ya kitambaa akafa kwa hofu. Kwangu mimi ndiye kiumbe anayewagusa mashabiki kuliko wote, kwa kuwa anafanya wanachofanya: anamtengeneza Pikachu kwa alichonacho, kwa mapenzi. Tena ni rahisi kumchora. Mkono unaotetemeka haumharibu.

Wajua kwamba soko la Comic Market la Tokyo, ambako mashabiki huuza vijitabu walivyochora wenyewe, lilianza tarehe 21 Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 na watu wapatao 700? Leo hufanyika mara mbili kwa mwaka na kujaza kumbi za Tokyo Big Sight.

Je, unatengeneza picha zinazotembea? Basi jua yaliyotokea tarehe 16 Desemba 1997. Katika kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon, umeme wa Pikachu ulilipua makombora, na kioo kikamweka kwa rangi nyekundu na buluu takriban mara 12 kwa sekunde. Watu 685, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitalini. Katuni ilisimama hadi Aprili 1998. Lawama zilimwangukia Porygon, kiumbe aliyekuwa mhusika mkuu wa kipindi hicho, ingawa mwanga ulitoka kwa Pikachu. Kanuni za kurasa za intaneti sasa zinasema mmweko usizidi mara tatu kwa sekunde. Ifuate hata kwa kipande kifupi unachotengeneza kwenye simu.

Na kwenye simu inawezekana. IbisPaint, programu ya Kijapani, inakuwezesha kuchora kwa kidole, tabaka juu ya tabaka, ili mistari isichanganyike na rangi. Mwenye kompyuta ana Krita, ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi. Kiumbe anayeiwakilisha, kindi aitwaye Kiki, alichorwa na mmoja wa watumiaji wake, Tyson Tan.

Je, wajua kwamba sheria inamfuata Pikachu mpaka Kariakoo? Japani iliingia katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1899, Kenya mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Kwa mkataba huo, kazi ya Mjapani inalindwa Dar es Salaam na Nairobi kama inavyolindwa kazi ya mwenyeji. Kuchora ili ujifunze na kubandika ukutani kwako hakumsumbui mtu. Kuchapisha fulana mia za Pikachu na kuzitandaza sokoni bila ruhusa ni jambo jingine, na mwenye haki anaweza kukudai. Masharti ya The Pokémon Company International yanakwenda mbali zaidi: ukimsambaza Pikachu wako hadharani, umeipa kampuni ruhusa ya kumtumia bila kukulipa. Watu wengi hawajayasoma. Yasomeni kabla ya kuanza kuchukua oda.

Japani wenyewe wamelitafakari hili. Ilipokaza sheria ya hakimiliki mwishoni mwa mwaka 2018, serikali iliacha nafasi kwa vijitabu vya mashabiki: polisi hawawaandami mpaka mwenye haki alalamike. Lakini mwenye haki akilalamika, mambo hubadilika. Mwaka 1999 mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza kijitabu cha picha za faragha za viumbe wa Pokémon alikamatwa. Na mwaka 2016 gemu ya mashabiki iliyoitwa Pokémon Uranium, iliyotengenezwa kwa miaka tisa na kujaa viumbe waliobuniwa upya, iliondolewa na watengenezaji wake siku chache baada ya kutoka, barua za kisheria zilipoanza kufika. Miaka tisa! Ushauri wangu kwa mwenye kipaji cha kubuni viumbe: wabuni wawe wako tangu jina.

Sasa tuje kwetu. Je, wajua kwamba katika Pokémon GO, gemu ya simu, kiumbe Tropius amepangiwa Afrika na baadhi ya maeneo ya karibu, na mchezaji wa Tokyo au New York hampati mtaani kwake? Ni mnyama mkubwa wa miguu minne, mita 2 na kilo 100, mwenye majani mapana mgongoni anayoyatumia kama mabawa, na chane ya matunda mfano wa ndizi shingoni. Kamusi ya gemu inasema matunda huota mara mbili kwa mwaka na watoto wa nchi za joto huyala. Michoro mingi ya mashabiki wa mbali humpa majani mazima, laini, ya kijani kimoja. Mtu wa Bukoba au Marangu anajua jani la mgomba halikai hivyo. Lina uti mnene katikati, mishipa inayokwenda sambamba hadi ukingoni, na upepo huupasua ukingo huo vipande vipande. La zamani hukauka kahawia na kuning'inia. Majani ya kiumbe anayeyatumia kuruka lazima yawe yamechanika. Mpe jani moja bichi lililotoka kujikunjua, mengine yapasue, na utakuwa na Tropius asiye na mfano.

Na wajua kwamba Relicanth, kiumbe wa baharini wa gemu za Ruby na Sapphire za mwaka 2002, ametolewa kwa samaki anayeishi Tanga? Ni silikanti. Wataalamu waliamini ametoweka pamoja na dinosaria, mpaka mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, alipomkuta kwenye shehena ya wavuvi huko East London, Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Kuanzia miaka ya 2000 nyavu za wavuvi wa Tanzania zikaanza kuwatoa, hasa Tanga na kijiji cha Kigombe, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Relicanth wa gemu ana mita 1 na rangi ya mwamba. Silikanti halisi anaweza kufika karibu mita 2, ni wa buluu iliyokolea, mapezi yake yana vikonyo vya nyama kama vijimkono, na mkia umegawanyika sehemu tatu, ile ya katikati ikiwa ndogo. Mwilini ana madoa meupe, na mpangilio wake haufanani kwa samaki wawili, hata watafiti huwatambua kwa madoa hayo. Anayemchora Relicanth kwa macho ya Tanga aanze na mapezi, kisha ampangie madoa yake mwenyewe.